Injini Zako Nimezitoa

Gisenyi, Rwanda

Kaka Rashidi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukaikataa ile ya kwanza.

Mgongo unaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba umerudia kunyanyua giaboksi za watu, kana kwamba daktari alikuwa anaongea na ukuta. Acha ubishi, kaka, mgongo hauna spea. Na mama je, kikohozi kimemwacha? Mwambie sweta lake ninalivaa kila asubuhi na baridi ya huku haijanishinda. Mimi ni mzima kabisa. Kazi ya majenereta pale hotelini kando ya ziwa inaendelea vizuri. Umeme ukikatika mimi ndiye mfalme, ukirudi hakuna hata anayenijua jina.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Ndege imeruka. Ile ndege yangu ndogo ya mfano, ya vita, ya injini mbili, uliyosema nitaishia kuitundika ukutani, nimeimaliza kwa mikono yangu mwenyewe. Niliipaka kijani cha jeshi juu na kijivu tumboni, nikaiwekea mizinga minne puani niliyoitengeneza kwa mirija ya kalamu, na kwenye mabawa nikafunga zile injini mbili ulizonipa siku naondoka Tanga. Nikashika rimoti, nikairusha, ikaruka. Halafu injini zako nimezitoa. Kaa chini kwanza, usinipigie simu kabla hujamaliza kusoma.

Unajua nimepanga Nyakiriba, huko juu mashambani, asubuhi nashuka mjini kwa pikipiki. Mwenye nyumba wangu anaitwa Maman Vestine, mjane wa makamo aliyezaliwa na kukulia ng'ambo, Kongo, mpaka vita vilipomtoa huko na watoto wake wakiwa bado wadogo. Watoto sasa wana miji yao, na mimi ndiye niliyebaki wa kugombezwa. Nikichelewa kurudi ananiuliza nilikuwa wapi, nikikohoa ananichemshia majani ambayo sijui jina lake na sithubutu kuuliza. Nyuma ya nyumba ana shamba la viazi, na chini ya shamba kuna kiwanja cha nyasi, kipana na kirefu. Hapo ndipo watu wa ofisi ya sekta, yaani kata ya huku, waliponiruhusu kurushia, kwa sharti kwamba majirani wawe radhi. Huku si Tanga, kaka. Ukipeleka kitu chenye umbo la ndege ya vita kule mpakani, Grande Barrière, penye foleni ya watu wanaovuka kwenda Goma, jua hutalala nyumbani siku hiyo. Ndiyo maana nilibaki huku juu. Majirani walikubali bila maswali, wakiona ni mchezo wa mtu mzima asiye na mke.

Siku ya kwanza karibu nilie. Injini niliziacha vilevile ulivyozirekebisha, nikasahau kwamba wewe ulizirekebisha kwa hewa ya Tanga. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, mafuta yakazidi. Zikawa zinakohoa na kutema moshi, na kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Nikapiga magoti kwenye nyasi nikaanza kubana sindano za mafuta kidogo kidogo, sikio moja kushoto, jingine kulia, kama ulivyonifundisha pale uani kwetu, mpaka sauti mbili zikaacha kugombana zikawa moja. Nilijua papo hapo kwamba hakuna itakayozima njiani na kuipindua ndege. Nilisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia kwenye jenereta lolote.

Ikaondoka kwenye nyasi kabla hata ya nusu ya kiwanja. Nikaipandisha, nikaizungusha, nikaishusha ipite chini kwa kasi juu ya kiwanja, ngurumo ikapiga kilima ikarudi. Nikageuka kumtafuta Maman Vestine shambani, maana nilitaka aone fundi wake ni mtu wa aina gani. Sikumwona. Nikaona jembe limesimama peke yake. Kisha nikamwona amelala kifudifudi kati ya matuta ya viazi, mikono yote miwili juu ya kisogo.

Nilidhani ameanguka. Nikaitua ndege vibaya, gurudumu likapinda, nikakimbia. Nilipofika alikuwa ameshainuka, anakung'uta udongo kwenye kitenge. Hakunitazama. Aliokota jembe lake akaingia ndani, na siku kadhaa baada ya hapo hakunigombeza kwa lolote. Kaka, ni afadhali angenitukana.

Sasa hapo ndipo mdogo wako alipojitia werevu. Nikajiambia, kinachomtisha ni mizinga na rangi ya jeshi, na hilo dawa yake ni ndogo. Nikang'oa mirija yote ya kalamu, nikaziba matundu, nikapiga msasa, nikaipaka ndege nzima njano ya ndizi mbivu. Ubavuni nikachora madirisha, na kwenye kila dirisha sura ya abiria. Mmoja nilimpa miwani kama yako. Nilikuwa na hakika nimemaliza kazi.

Huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na baada ya kazi mnakaa kikao mnazungumza mambo yenu. Siku hiyo tulizibua mitaro ya barabara. Kikao kilipoanza, mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, akasema nisimame nieleze habari ya ndege, maana kuna mama mmoja haikumpendeza. Nikaifunua kutoka kwenye kitenge nilichoifungia. Watu wakacheka kwa furaha, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakauliza nauli ya kwenda Kigali ni kiasi gani. Mkuu mwenyewe akasema basi, hii si ndege ya vita tena, kuna mwenye neno? Nikaanza kuifunga.

Maman Vestine akasimama. Alizungumza taratibu tu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Mi ile ya vita, kule Kongo, sikuiona na macho," alisema. "Nilikuwa chini ya kitanda na batoto yangu. Niliisikia tu. Ilikuwa inakuja, inaenda, inarudi. Sasa we umepaka rangi. Rangi ni ya muzuri. Lakini sikio yangu haioni rangi, mutoto yangu."

Wengi waliokaa pale walitoka ng'ambo kama yeye, na nikaona akina mama wawili watatu wanatazama chini. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na abiria wangu wote. Mkuu akamuuliza anataka nini, kama ni kuzuia, izuiwe. Akasema hapana, hana ubaya na mimi, na furaha ya mtu si kitu cha kukatwa hivi hivi. Akanigeukia.

"Kikao ingine ikifika, utairusha. Mi nitakaa mu nyumba, nitafunga mulango na dirisha. Kama naisikia, inatoka kwangu, na we utachagua kama unatoka nayo. Kama sisikii kitu, bon, urushe tu."

Nikajibu mbele ya watu wote kwamba nimekubali. Unanijua, kaka, mdomo wangu hutangulia. Lakini haukuwa mchezo. Nyumba ile ndiyo kwetu huku, sina kwingine ambako mtu anauliza nimekula nini, na ndege ile nimeiota tangu nikiwa nakushikia bisibisi. Sikuwa tayari kupoteza hata kimoja.

Najua utasema ningefunga sailensa. Nilifunga. Nilitengeneza mabomba mawili marefu yenye vyumba ndani, nikaziwasha injini kazini, nyuma ya stoo ya hotelini. Kelele zilipungua kweli, lakini mlio ukawa mzito, wa chini, unaokuja kutoka mbali. Nikazima haraka. Kwa mara ya kwanza nilisikia kile anachokisikia yeye. Na ile namna zinavyolia pamoja kama kitu kimoja, ile tuliyokuwa tukiitafuta mimi na wewe mchana kutwa, ndiyo mbaya kuliko yote. Jioni hiyo nilizifungua kwenye mabawa, nikazifuta mafuta, nikazifunga kwenye kitambaa. Iliniuma, sitakuficha, nilikaa nazo mapajani muda mrefu.

Nikateremka Kigali, nikampata kijana anayetengeneza droni za kupigia picha harusini, akaniuzia mota mbili za umeme zinazozunguka polepole. Mota ya polepole inataka panga kubwa la kukata hewa, na panga kubwa lingegonga ardhi, kwa hiyo nikairefusha miguu ya ndege kwa vyuma vya mwavuli. Tangi la mafuta likatoka, betri ikaingia, uzito ukahama, nikaisogeza betri mpaka ndege ikakaa sawa juu ya vidole viwili. Na hili utalipenda: mota hizi zina nyaya tatu, ukizibadilisha mbili tu nafasi, inazunguka kinyume. Nikafanya ya kushoto izunguke huku na ya kulia izunguke kule. Ule ugonjwa wa kuvutia upande mmoja wakati wa kuondoka, uliotuangushia ndege yetu ya kwanza, umekwisha kabisa.

Siku ikafika. Tulimaliza kazi ya mitaro, watu wakashuka kiwanjani, mkuu wa mudugudu akaja kusimama ubavuni kwangu awe shahidi. Maman Vestine akaingia ndani, tukasikia komeo. Nikawaomba watu wasipige makofi wala kelele, ili haki itendeke.

Nikaiondoa kwenye nyasi taratibu. Naijua kazi yangu. Nikaizungusha kiwanja kizima, nikaipitisha juu ya mwisho wa shamba la viazi, nikaongeza moto nisije nikaambiwa nimeiba mtihani. Ilikuwa inapita na mimi mwenyewe nasikia upepo tu kwenye mabawa, kitu kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Watu walikuwa wameziba midomo kwa mikono. Nikaitua laini, nikaipakata, tukapanda mimi na mkuu mpaka mlangoni, nikagonga.

Komeo likafunguka. Amejifunga sweta mpaka shingoni, uso umekaza kama wa mtu anayesubiri sindano.

"Mi niko tayari tangu kitambo," akasema. "Si uanze basi?"

Mkuu wa mudugudu alishika mwimo wa mlango kwa kicheko. Maman akatutazama mmoja mmoja, akadhani tunamfanyia mzaha. Nikaugeuza upande wa bawa, nikamshika mkono wake, nikauweka juu ya mota. Bado ilikuwa na joto. Akauacha mkono pale, kaka, akauacha muda mrefu, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote. Kisha akaniambia viatu vyangu vina tope, nisiingie navyo ndani.

Kwa hiyo sasa ninarusha kila nikipata nafasi, na ndege ni ya njano na abiria wake wote wako salama.

Nisalimie mama yetu, umwambie mwanawe ana mama mwingine huku na wote wawili wana lugha moja ya kugombeza. Nisalimie shemeji, mwangalizi wa mgongo wako. Msalimie mjomba Athumani, aliyenifundisha kulehemu na bado anadai koleo lake, na shangazi Mwanahawa, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii kwa sauti kwa sababu miwani yako umeikalia tena.

Injini ninazirudisha kwako kwa dereva wa lori anayeteremka Dar wiki hii, ziko kwenye boksi la sabuni, zimefutwa na kupakwa mafuta. Usifikiri nimezidharau, hakuna kitu ulichonipa nikakipenda kuliko hizo. Zirekebishe upya kwa hewa ya huko, zifunge kwenye ndege nyingine, uziache zilie yanavyotaka masikio yako. Zikishawaka, nipigie simu uiweke karibu nizisikie. Ila nipigie mchana nikiwa kazini, si nyumbani.

Mdogo wako,
Idrisa