Bomba Ulilolilaza Wewe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikueleze mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni: ngo. Mara moja tu, kisha kimya. Ndivyo injini ya boti yetu ilivyolia Jumatatu, nahodha wetu Taratibu alipozungusha ufunguo, na mpaka leo nikifunga mlango wa karakana nausikia. Goti lako je? Dada ameniambia umeanza kupanda ngazi bila fimbo, na kwamba unagombana na daktari. Nimefurahi kwa yote mawili. Sisi huku wazima, ila hatusemezani vizuri.

Mlio ule ulikuwa wa maji. Tulipofungua nozeli za mafuta na kuizungusha injini kwa mkono, yaliruka kutoka kwenye silinda yakamwosha Baba Mdogo uso. Ni mara ya pili mwaka huu. Alijipangusa, akasema kosa ni la nahodha, amekorogakoroga stata mpaka injini ikanywa maji yake ya kupozea. Mafundi walicheka, maana Taratibu hakupewa jina hilo bure. Mtu huyu chai huisubiri ipoe ndipo aombe sukari. Kicheko hakikumsaidia. Aliambiwa mwisho wa wiki arudishe koti la kazi, na funguo za boti nikakabidhiwa mimi, nisimpe.

Sikuamini. Tulipokwisha kuikausha injini, nilifunga koki ya maji ya kupozea, nikasokomeza kitambaa kikavu ndani ya bomba la moshi, upande wa injini, nikaiacha boti gatini, mkia wake ukitazama nje. Hakuna aliyegusa stata. Vivuko vikubwa vilipita, mawimbi yao yakaipiga boti kwa nyuma, na jioni nilikitoa kitambaa kikichuruzika, kimeshika mwani. Nikampelekea Baba Mdogo mezani. Alikitazama, akaniuliza kama huko chuoni tulisomea ufuaji. Nikamwambia bomba limelala chini mno, wimbi likiingia mdomoni halikuti mpando wowote, linateleza hadi kwenye injini. Tulipandishe, liwe na shingo ndefu juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka nje, na mdomoni tuweke kifuniko cha mpira kinachofunguliwa na moshi na kufungwa na wimbi. Ili shingo ipite, tutatoboa benchi moja la abiria, basi.

Hapo ndipo aliponyanyua sauti. Alisema bomba lile alililaza Kaka kwa mikono yake, na bomba la Kaka halikatwi na Injinia wa Karatasi.

Baba, nililifikiria hilo mpaka chakula kikanishinda. Ulipolilaza, injini ilikuwa ndogo na boti ilikaa juu. Tangu ulipostaafu wameweka injini nzito na tangi la pili, mkia umezama kiganja kizima. Wamebadilisha kila kitu isipokuwa bomba, kwa sababu ni lako. Wanakuheshimu kiasi cha kuiua injini, na sasa kiasi cha kumfukuza mtu. Heshima ya namna hiyo sidhani kama unaitaka. Na hata ukiitaka, mimi siitaki.

Basi lisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Juzi Baba Mdogo alisafiri kufuata vipuri. Nilichukua msumeno, nikalikata bomba lako. Taratibu alikubali kunimulikia tochi, lakini msumeno alikataa kuushika. Alisema cha mzee hakigusi, hata kama ndicho kinachomfukuzisha kazi. Shingo nimeiweka, na kifuniko pia. Jana niliuelekeza mkia wa boti kwenye mawimbi kusudi, kutwa nzima, na kitambaa kimetoka kikavu. Nimekikunja ndani ya barua hii ukishike mwenyewe. Kipande cha bomba kiko juu ya meza ya Baba Mdogo, akirudi kesho akikute. Sikukificha, na sitaomba radhi, si kwake wala kwako.

Msalimie Dada na watoto, na umsikilize daktari walau siku moja. Nakuandikia nikiwa nimeketi gatini. Boti imetoka sasa hivi na abiria, Taratibu yuko usukani, amevaa koti lake. Funguo nimempa mimi.

Ni mimi mwanao,
Injinia wa Karatasi