Siku ya Tisini na Moja

3 Machi

Mwanangu fundi bomba,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta? Mkeo hajambo? Na Kitinda wangu? Mimi mzima, na safari hii nikisema mzima sikudanganyi. Leo siku ya sitini na moja sijagusa pombe. Cheka tu, najua unacheka.

Kichwa kimetulia, mwanangu. Zamani wateja waligombana kwa sababu yangu, shati la huyu nampa yule. Sasa nikishika kola tu najua ni ya nani. Wameanza kurudi, hata yule mwalimu aliyeapa hatakanyaga mlangoni kwangu. Lakini jioni, jamani! Nikishamaliza kupiga pasi nakaa kitandani natazamana na ukuta. Wenzangu wa kilabuni wakipita hapa wanageuza shingo, utadhani nimewaibia. Naongea na redio.

Ulisema nikitimiza siku tisini utamleta mdogo wako Kitinda akae nami. Kitanda nimeshamtandikia. Usije ukanigeuka.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Barua nimeipata. Kifua afadhali, mke wangu mzima. Kitinda katimiza kumi na mbili, ananifokea nikiingia na viatu vya matope, sijui karithi kwa nani. Bado anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka, kuficha lile kovu.

Sikucheka, Mama. Niliisoma mara mbili. Shule zikifungwa mwezi wa nne namleta. Nikwambie ukweli, sina uso wa kukukatalia. Ni mimi niliyeacha pasi ya moto juu ya kiti, akaivuta. Ndiyo maana nilipopata kazi tu nikamchukua nimlee. Mpaka leo pasi haiingii nyumbani kwangu. Kazini wananiita Makunyanzi, kwa mashati yangu yasiyonyooshwa.

Jikaze hizo siku zilizobaki.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui niseme nini. Leo siku ya tisini na moja. Ningeweza kunyamaza, ukaniletea mtoto, yakaisha. Wiki mbili naichana barua hii na kuianza upya.

Hukuiacha pasi juu ya kiti.

Kichwa kikisafika hakichagui cha kukumbuka. Nilikuwa nanyoosha shuka la mteja, ikanijia yote. Siku ile nilikuwa nimelewa, nayumba, shuka linanikimbia mezani. Nikamwita Kitinda, miaka mitano tu, nikamwambia alivute upande wa pili, ashike vizuri, asiachie. Akashika, mkono kaulaza mezani chini ya shuka. Mimi nikaona mkunjo. Nikakandamiza. Haukunyooka, nikapitisha tena. Analia, namwambia anyamaze, asiachie.

Majirani walipojaa mlangoni, wewe ulikuwa unarudi na ndoo ya maji. Asubuhi ulikuwa umepiga pasi shati lako la shule. Nikakunyooshea kidole, nikakuzaba kofi mbele yao. Ukaamini. Na mimi, kwa kuurudia uongo huo kila nikilewa, nikaja nikaamini pia.

Namtaka Kitinda, Mungu ananiona. Lakini siwezi kumpokea huku wewe umebeba kosa langu.

Mama yako

20 Mei

Mwanangu,

Sijui kama hamjambo. Nasema hamjambo, nijipe moyo.

Shule zimefungwa, zimefunguliwa. Nilienda stendi siku nne mfululizo, hadi mkata tiketi akaniuliza kama nimeajiriwa pale. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikalia.

Juzi nilifika hadi mlangoni pa kilabu. Mama muuzaji akanisogezea kigoda bila hata kuniuliza. Mate yakanijaa mdomoni. Nikageuka. Usinisifu, si ushujaa. Niliogopa kwamba nikinywa nitasahau tena, na nikisahau, kosa litarudi kwako.

Leo siku ya mia moja thelathini na tisa. Sikulazimishi kunijibu. Ujue tu kwamba bado nakumbuka.

Mama yako

9 Juni

Shikamoo Mama,

Sisi wazima.

Barua yako ya Aprili niliificha kwenye mfuko wa spana zaidi ya mwezi, hata mke wangu sikumwonyesha. Kwa hasira nilikaza bomba la watu mpaka likapasuka, jiko zima likafurika. Ilipokuja ya pili nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Kitinda. Alivuta mkono wa shati hadi vidoleni. Kisha akasema, "Aliniambia nishike, nisiachie." Miaka saba, Mama! Alikuwa anaogopa akisema utapelekwa polisi. Halafu akaniomba msamaha mimi, mtoto yule, kwa kofi nililopigwa. Nikatoka nje.

Simleti. Si mwaka huu, na sijui ni lini. Usimngoje stendi.

Nitakuja mimi, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, peke yangu. Usipike, usiite jirani. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ukanipiga mbele ya mtaa mzima, nikakubali. Kwenye karatasi nimesoma, nimesoma tena, bado haiingii. Nataka unitazame usoni, pombe ikiwa haimo, uniambie kwa mdomo wako kwamba sikuwa mimi.

Mwanao