X Nyekundu Ubavuni mwa Kigari

Papa Amuri, fundi wangu,

Tangu utuache, kutoka Kasongo mpaka Salamabila hakuna fundi mwingine isipokuwa mimi. Pikipiki iliyokufa ikisikia tu nakohoa, inawaka yenyewe. Najua ungesema: «Weye, funga mudomo, shika ufunguo.» Basi, nimeshika spana.

Kigari chetu cha kubeba wagonjwa kimekamilika. Kile cha kuvutwa na pikipiki, ulichokianza kwa vyuma vya kitanda. Unakumbuka ile picha ya gari la vita kwenye simu yangu, lenye jina linaloanza na XM? Nilijitapa mbele ya wateja kwamba X ni alama ya nguvu kupita zote, nikaipaka kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kigari. Ulicheka mpaka ukakaa chini. «Mutoto, M ni modeli. Jeshi la Wamarekani likitia X mbele, ni kusema chombo kingali kinajaribiwa. Kikifaulu, X inatoka, M inabaki.»

Aibu! Nikashika kitambaa niifute. Ukanizuia: «Iache. Sasa inasema kweli. Chenye iko na X hakibebi mutu. Kinabeba mawe.»

Tukakijaza mawe, tukakivuta mpaka daraja la magogo. Ekseli ikapinda. Tukatia nyingine. Halafu ukaugua.

Baada ya arobaini yako nilikijaza mawe tena, nikaenda, nikarudi. Kisha nikalala ndani mimi mwenyewe, mdogo wangu akaendesha kama mwizi anayefukuzwa. Mgongo unauma mpaka leo, lakini ekseli bado imenyooka. Leo asubuhi muuguzi wa Kabambare amekiomba: kuna mama, uchungu umemshika tangu jana. Nimeikwangua X kwa kisu. Kisha nikakifunga nyuma ya pikipiki.

Lala pema, Papa. Nakuahidi, kila nitakachounda kitabeba mawe kwanza, kisha mimi, ndipo mutu mwingine.

Ila hili sijamwambia hata mkeo, mama Amuri. Siku ile homa ilipokuangusha, ekseli mpya ilikuwa imeshakaa imara. Nililijua hilo. Nikakuambia twende hospitali kwa kigari. Ukainyooshea ile X kidole, ukaitisha machela ya tipoyi. Wanaume wakakubeba mabegani, polepole, kwenye matope, ukakata roho kabla ya daraja. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba viatu vyako. Mimi ambaye sikukutii hata siku moja, Papa, siku ile nikakutii.