Sahihi ya Nafula

Baba Wanyama,

Ulikosea kufa mapema, ukaniacha nijiaibishe mbele ya kanisa zima. Mwandiko wangu ni wa gumbaru, shule ya watu wazima, vumilia.

Nafula amemaliza chuo kikuu. Ndiye huyo tuliyempa jina la mama yako, na ndiyo maana mpaka leo nikimkemea nainamisha macho. Amesomea uinjinia wa majengo. Jumapili ya shukrani nikasimama, nikatangaza kwamba mjukuu wangu ni injinia. Mtaa wetu wote wa Ziwani ukapiga vigelegele.

Kumbe nimechokoza nyuki. Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakaleta nyumbani ramani ya orofa ya kwaya, hiyo kwaya ninayoimbia, Nafula aiwekee sahihi, kanjo ya jiji ipitishe, wajenge. Ni mtoto wetu, walisema, ya nini kwenda kwa wageni? Nafula aliisoma mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, taratibu tu:

“Wazee wangu, nina digrii. Injinia bado. Sijafanya kazi chini ya injinia kamili, sijasajiliwa. Sahihi yangu haiwezi kubeba watu.”

Mmoja akauliza, basi msichana alisomeshwa ya nini. Nami, mjinga, nikamfinya chini ya meza: weka sahihi, usiniaibishe. Akaushika mkono wangu.

“Kukhu, si hiyo kwaya ni wewe?”

Nilikusikia wewe. Unakumbuka walivyokusimamisha kazi kule karakana ya reli? Msimamizi alitaka ugonge nambari yako, ile ya fundi kuapa kwamba kazi ni yake, kwenye chuma kilichofungwa na mtu mwingine, ukakataa. Wiki nzima tulikula ugali na mboga kavu, na mimi nikikutukana kila sahani. Ukasema tu, “Hiyo nambari ni mimi.”

Nafula hajui kisa hicho. Ulikufa akiwa anatambaa, nami niliona haya kukisimulia. Sasa nani alimwambia? Nywele zilinisimama, Baba Wanyama. Niliogopa vile mtu huogopa kwenye sala.

Wazee wameenda kutafuta injinia aliyesajiliwa, wamenuna. Jumapili nitasimama tena, nilimeze neno langu mbele ya watu, mimi ambaye hukuwahi kunisikia nikiomba msamaha. Kile chuma chako cha kugongea nambari nimekitoa kwenye mkebe. Kiko juu ya vitabu vyake.

Lala sasa. Siku akisajiliwa nitakuja mwenyewe kaburini nikwambie. Mpaka nije, hata wewe huko usimwite injinia. Mwite Nafula.