Samli Kwenye Marhamu

Mwanza, 11 Juni 1995
Asubuhi hii kuna upepo mkavu kutoka ziwani na mawingu mepesi. Mvua hakuna.

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mko salama, na ng'ombe wanapata majani. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Chenge, kondakta wa basi la Magu, atakukabidhi kopo jeupe. Ni dawa ya kile kidonda cha mguuni ulichosema kinatoa majimaji. Nimeitengeneza kwa mikono yangu katika chumba chetu cha kuchanganyia dawa hapa hospitali. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha, paka kidogo tu, kisha funga kitambaa safi. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Usiongeze kitu chochote.

Naomba pia uje daktari akuone. Kidonda cha tangu Pasaka si cha kuzoea.

Mwanao,
Justa


Magu, 19 Juni 1995

Mwanangu Justa, marahaba sana.

Sisi tumeamka, tunamshukuru Mungu. Mama yako anakusalimu. Habari za huko mjini na baridi ya ziwa?

Dawa nimeipata. Niliipaka, nikamwita jirani yangu Ngosha aje aone kazi ya binti yangu. Alipofika ilikuwa imeshapotea kwenye ngozi. Ngosha akasema, "Shimba, huyu mtoto amekutumia mtindi." Nilimfukuza uani kwangu, lakini alipoondoka nikabaki na mawazo. Marhamu ninayoijua mimi inang'aa. Inzi akitua anateleza. Hii yako inakaa kama maji ya chokaa.

Usinikasirikie. Tangu biashara ifunguliwe kwa kila mtu, kila kitu kinatiwa maji, hata dizeli. Nikasema labda wakubwa wako wanakupimia mafuta kidogo, nawe unaona aibu kusema. Basi tumekusaidia. Mama yako ameyeyusha samli, tukaikorogea humo. Sasa inang'aa vizuri.

Kuja huko siwezi. Msimu huu chama cha ushirika hakiko peke yake, wanunuzi binafsi wamefika na mizani zao. Kila mmoja anasema ya mwenzake ni ya wizi. Nikiondoka, pamba yangu itasimamiwa na nani?

Ni mimi baba yako,
Shimba


Mwanza, 24 Juni 1995
Jua kali tangu asubuhi, ziwa limetulia.

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na hadi sasa sijaweza kukaa. Umeiharibu dawa. Ngosha hajui dawa, na wewe pia hujui. Kidonda kinacholia hakifunikwi kwa samli. Majimaji yanakosa pa kutokea, ngozi inalainika, kinaoza kikiwa kimefunikwa, tena kwa mafuta yaliyoshikwa na mikono ya jikoni.

Nakutumia kopo lingine. Ukilitia kitu, usiniandikie tena habari za mguu wako.

Justa


Mwanza, 9 Julai 1995
Ukungu wa vumbi. Milima ya ng'ambo haionekani.

Baba yangu, shikamoo.

Mko salama? Mama je? Chenge aliniambia ulipokea kopo na barua, ukasoma, ukaingia ndani bila kumpa hata salamu za kuleta. Tangu hapo kila basi la Magu linapoingia natoka kwenda kulitazama. Kwenye daftari langu la kila siku naandika tarehe na hali ya hewa, kisha sina cha kuongeza.

Nisamehe maneno yale. Sikupaswa kukuandikia kama mtu anayemwandikia mtoto. Na hata mwishoni sikuandika "Mwanao".

Kazini mambo hayaendi. Juzi nilimimina maji ya baridi kwenye mafuta ya moto, kila kitu kikaganda mapande. Bi Hellen, mkuu wa chumba chetu, alitazama bakuli, akanitazama mimi. "Justa, leo uko wapi?" Nikamjibu, "Niko Magu." Akasema, "Basi rudi, hii nta si ya bure." Tuna wasiwasi wetu pia hapa. Tyubu za dawa kutoka nje zimejaa madukani na kuna maneno kwamba chumba kitafungwa.

Ngoja nikueleze jambo ambalo nilitakiwa nikueleze kabla ya kukugombeza. Marhamu ni vitu viwili, dawa na kitu cha kuibeba. Hicho cha kubeba tunakiita msingi. Kuna msingi wa mafuta matupu, kama vaseline. Huo ndio unaong'aa, na ni mzuri kwa ngozi kavu iliyopasuka, kama kisigino. Kuna wa mafuta ya sufu ya kondoo, unaoweza kumeza maji kiasi. Kuna unaoyeyuka wote kwenye maji, ukinawa umeondoka. Na kuna krimu, ambayo ni maji na mafuta yaliyokubali kukaa pamoja. Niliyokutumia ni hiyo, kwa sababu inaacha kidonda kipumue.

Namna ya kuipata ni hivi. Nayeyusha nta kwanza maana ndiyo ngumu, halafu mafuta yanafuata. Maji nayachemsha pembeni hadi yawe na moto uleule. Namimina taratibu, nakoroga, nakoroga, siachi hadi ipoe. Nikiacha mapema, vinaachana. Unajua mama anavyosuka maziwa kwenye kibuyu hadi siagi itoke? Mimi nasuka ili isitoke. Samli ikiingia humo, mafuta yanazidi, ndoa inavunjika.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Justa


Magu, 18 Julai 1995

Mwanangu, marahaba.

Nimecheka hadi mama yako akaja kuangalia kama nina homa. Kumbe niliuza mafahali kukusomesha ili ukazuie siagi isitoke. Nimemweleza Ngosha, naye anasema kazi yenu ni ya wachawi, lakini sasa ameelewa. Mimi pia nimeelewa. Maziwa nayajua. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo nisingegusa samli.

Kopo la pili sikulitia kitu. Sikunyamaza kwa hasira peke yake. Kidole kidogo cha mguu ule kimekuwa cheusi, na cha pili yake kinafuata. Hakiumi. Nimekichoma mwiba kwa makusudi, sikusikia kitu. Mama yako nimemwambia ni matope.

Wewe umesema misingi ipo ya namna nyingi. Kwa hiki nilichokuandikia leo, ni upi unaofaa?

Baba yako,
Shimba


Mwanza, 20 Julai 1995

Baba, shikamoo.

Hakuna. Hakuna msingi wowote, hakuna dawa ya kupaka.

Chenge anarudi na basi leo hii, na barua hii anayo mkononi. Kesho panda naye. Mwambie mama ukweli kabla hujatoka. Pamba atasimamia yeye, na mwenye mizani asijaribu kumdanganya mama. Nitakuwa stendi.

Mwanao,
Justa


Wodini, Jumamosi jioni

Justa mwanangu,

Muuguzi amekataa kukuruhusu, anasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nimemwomba karatasi, amenipa hii. Kesho wananipasua. Daktari anasema ni vidole, lakini kama ubaya umepanda, watakata watakapoona panafaa. Kasema wazi, huenda ni chini ya goti. Nimeweka dole gumba kwenye fomu, mimi niliyejifunza kuandika kwenye elimu ya watu wazima. Jina langu lilinishinda kuliandika.

Usiende mbali.

Baba yako


Mwanza, Jumatatu, 24 Julai 1995
Kumepambazuka na baridi. Mawingu mazito upande wa ziwa.

Baba, shikamoo.

Naiacha karatasi hii chini ya kikombe chako, maana zamu yangu inaanza na wewe umelala. Ukiamka utaona bandeji kubwa na utaogopa. Usiogope. Wamekata vidole vitatu. Mguu upo, kisigino kipo, daktari amesema utatembea na fimbo. Chenge amekwenda kumwambia mama.

Sikwenda mbali. Nilikaa kwenye benchi la nje jana yote na usiku. Watu walikuwa wananiambia nenda ukapumzike, nikawa nazunguka jengo na kurudi palepale. Halafu muuguzi akatoka, akasema umefumbua macho, umeuliza uji uko wapi, na umemgombeza kwa kuwa uji aliokuletea ni mwepesi. Nikaegemea ukuta. Nimelala saa kumi alfajiri.

Mwanao,
Justa