Mpini wa Mkono wa Kushoto

Jumapili, 4 Januari
Meza inayumba tena. Nimekunja karatasi chini ya mguu mmoja, bure. Mwandiko leo ni wa kuku.

Baridi ya Riyadh asubuhi haina adabu. Nimetoka nyumbani Al-Murabba na jaketi mbili. Nimefika klabu kabla haijafunguliwa, kama kawaida. Saa moja ya kupiga shabaha peke yangu, halafu wanafunzi. Othman, fundi wetu wa silaha, alikuwa karakanani na chai ya tangawizi. Mzanzibari huyu angepika chai hata kwenye lifti.

Bosi amekubali. Mashindano ya kirafiki Jeddah, mwisho wa mwezi. Kila klabu inaleta mwanamke mmoja, na wa kwetu ni mimi. Tangu nitoke timu ya polisi kule Kenya sijashindana. Miaka mitatu nafundisha watu wengine kulenga. Bastola itaundwa upya, ile ya risasi ndogo za pointi mbili-mbili. Othman ataunda, mimi nitachagua kila kipande. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Jumatano, 7 Januari
Fremu. Ziko mbili stoo. Moja ya aluminiamu, nyepesi, inang'aa. Nyingine ya chuma, nzito, imechubuka ubavuni. Othman alitaka nichukue nyepesi. "Dada, mkono utachoka." Nimeshika kila moja dakika nzima, mkono umenyooka, macho nimefumba. Nyepesi inacheza. Nzito inatulia. Nimechukua ya chuma.

Amenicheka. Eti nimechagua kama mama anayenunua sufuria. Ndiyo. Sufuria nyepesi huunguza.

Jumamosi, 10 Januari
Leo mpini. Mpini ndio kila kitu. Unachongwa kwa kiganja cha mtu mmoja, kama kiatu.

Hapa Othman peke yake anajua napiga kwa kushoto. Nyanya yangu kule Kisii alinizoesha kwa mwiko: kupokea ni kwa kulia, kutoa kwa kulia, kula kwa kulia. Hapa Riyadh adabu ni hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona tofauti. Wanafunzi wangu wote ni wa kulia, na mimi nawaonyesha kwa kulia. Kushoto ni kwangu, asubuhi, kabla watu hawajaja.

Nimejipaka lipstiki kiganja kizima nikakikamata kipande cha mti wa jozi. Palipoingia rangi ndipo mti umezidi, hapo tupa inapita. Halafu unapaka tena, unakamata tena. Othman amesema itachukua wiki mbili. Nimeacha alama yangu nyekundu kwenye ule mti, nikaenda kunawa. Haikutoka vizuri. Nimefundisha siku nzima na kiganja chekundu mfukoni.

Alhamisi, 15 Januari
Mtutu: mfupi kati ya ile miwili. Mrefu unavuta pua ya bastola chini nikichoka. Kilengeo cha nyuma: kile cha skrubu mbili. Kifyatulio: kipana, kisicho na makali. Nimejaribu vitano. Othman ameandika yote kwenye daftari lake bila kubisha hata kimoja. Si kawaida yake.

Chai leo haikuwa na tangawizi. Nimemuuliza mpini umefika wapi, akasema utakuja tu. Mkataba wake unaisha mwezi huu na ikama, kibali chake cha kuishi hapa, haijaguswa. Nikadhani ni hilo. Nimemwombea.

Jumapili, 18 Januari
Nimeingia karakanani kuchukua kitambaa. Othman alikuwa msikitini. Bastola yangu mezani, imeungwa yote. Fremu yangu ya chuma, mtutu wangu, kifyatulio changu.

Mpini wa kulia.

Nimeukamata kwa kushoto, kidole gumba hakina pa kukaa. Nimedhani amekosea. Nimeugeuza. Kuna lipstiki, rangi ya waridi. Mimi ya waridi sina. Kiganja kidogo, vidole vyembamba.

Nikaketi kwenye kiti chake mpaka aliporudi. Aliniona, akaona nilichoshika, akavua kofia.

"Bosi aliniuliza kama kuna tatizo lolote, dada. Nikamwambia ni mkono wako."

"Lini?"

"Jumapili iliyopita."

Wiki nzima. Alhamisi nilipokuwa nikijaribu vifyatulio vitano alikuwa anajua. Alinishikia taa.

Jumatatu, 19 Januari
Nimekwenda kwa bosi, ofisini kwake Al-Malqa. Mpole, kahawa, tende. Nimepokea kwa kulia.

"Kerubo, bastola ya kushoto nani ataitumia baadaye? Mafi, hakuna. Lama atapiga, wewe utakuwa kocha wake. Halas, yameisha."

Lama ni mwanafunzi wangu. Ana miaka kumi na tisa, mkono mzuri, hasira hana. Sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Bosi hakunionea. Bosi hakujua kitu mpaka alipoambiwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemchukia Othman leo kwa mwili mzima. Naandika ili kesho nisijidanganye kwamba nilikuwa nimeudhika tu.

Jumanne, 20 Januari
Othman ameacha kikombe cha chai mlangoni pa darasa langu. Kimepoa hapo hapo.

Ijumaa, 23 Januari
Jeddah. Joto lenye maji. Tumefika mchana. Bastola na sanduku la vifaa vilitangulia na gari la klabu, vibali vyote mbele ya dereva. Othman amebaki Riyadh. Afadhali.

Mazoezi ya saa kumi. Lama anavuta kulia, kila risasi. Nimeona kosa kabla hajamaliza tano za kwanza. Mti umezidi chini ya kidole gumba, unamsukuma. Kiasi cha unene wa ukucha. Othman hakumaliza kazi. Kesho Lama angekuwa wa mwisho, na hakuna mtu duniani angejua sababu ila mimi.

Nimeenda kununua maji. Nimeyanywa yote nje, nimesimama. Nilitaka sana kunyamaza. Sitajifanya malaika kwenye daftari langu mwenyewe.

Nikarudi. "Una lipstiki?" Akatoa. Ya waridi. Nimempaka kiganja, nikampa bastola tupu akamate. Alama ikatokea pale pale nilipodhani. Msasa, kupaka, kukamata, msasa. Saa nzima. Risasi tano za mwisho zimeingia karibu karibu.

Jumamosi, 24 Januari
Lama wa nne kati ya kumi na moja. Amenikumbatia, analia na kucheka. Fremu haikucheza hata mara moja. Nilichagua vizuri.

Jioni bosi ameweka picha ya bastola kwenye kundi la wafanyakazi. Amemshukuru fundi Othman kwa kuchagua vipande kwa jicho la bingwa. Mkataba wake umeongezwa. Watu wameweka makofi. Othman ameandika: "Alhamdulillah, shukrani bosi." Nimeisoma mara tatu nikitafuta jina langu.

Jumanne, 27 Januari
Riyadh. Baridi imepungua kidogo.

Nilikuwa narudisha sanduku la vifaa. Chini kabisa, chini ya tupa, ndani ya kitambaa: kile kipande cha mti wa jozi. Cha kushoto. Alama yangu nyekundu bado ipo, vidole vyote vitano. Tupa haijakigusa.

Othman alikuwa mlangoni. Akasema alikiweka ili siku moja akimalize. Nikamwambia namba ya kabati la sanduku, nikasaini, nikatoka na ule mti chini ya kwapa.

Nimekiweka chini ya mguu wa meza. Unene wake umetosha kabisa. Naandika vizuri leo.