Paneli Haikupasuka

Baba Mercy,

Dada yako amenikataza kukuandikia, ati maiti hasomi. Afadhali. Ningejua unasoma ningeandika kwa upole, na leo sina upole.

Paneli ya sola haikupasuka. Nimetaka ulijue hilo kwanza, kwa sababu uliikumbatia mpaka chini kama mtoto mchanga. Wafula, mwenzako wa kazi, ndiye aliyenieleza. Mvua ilikuwa imenyesha Kimilili, mabati yanateleza. Akakuambia, "Ngoja yakauke kwanza, halafu ujifunge kamba." Ukamcheka. "Kamba? Kwani mimi ni ng'ombe, bana?" Ukapanda. Upepo wa mlimani ukaipiga ile paneli mikononi mwako. Ungeiachilia, ungeshika vyuma mlivyokuwa mmeshafunga. Hukuiachilia. Ilitua juu ya kifua chako, nzima kabisa. Kilichopasuka ni wewe.

Mwenye nyumba aliipangusa damu yako, akaita fundi mwingine kutoka Bungoma, ikafungwa palepale. Binti yake alikuwa anaolewa na alitaka taa. Sasa majirani wanapeleka simu zao kuchajiwa kwake. Siku ya harusi alitutumia sufuria ya pilau huku Kitale. Nilitaka kuimwaga uani, lakini watoto walikuwa na njaa. Wakala, wakalamba vidole. Na mimi nikala. Ilikuwa tamu, Baba Mercy.

Tulikuzika Misikhu, kando ya baba yako. Mchungaji alisema Mungu alikupenda kutuzidi. Mama yako akaitikia amina. Mimi nilikuwa natazama kamba walizokuteremshia. Mpya, nene, vijana wanne wakizishika kwa makini usije ukatikisika. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, watu wakadhani nimerukwa na akili, wakanitoa pale. Siku hiyo ndipo ulipokubali kufungwa kamba.

Wafula sasa hapandi popote bila kamba na mkanda. Mwezi uliopita aliteleza kwenye paa la zahanati fulani huko Cheptais. Akaning'inia kwenye ukingo wa paa, miguu ikipiga hewa, mpaka wakamletea ngazi. Alikuja moja kwa moja kunieleza, anacheka, analia. "Mama Mercy, nimepona! Ile kamba imenishika!" Nikampa chai. Nilimtazama akinywa, vidole vyake vyote kumi vizima, nikatamani kamba ingekatika. Sikusikia aibu. Mke wake alimpokea jioni ile akiwa anatembea, mimi wangu nililetewa ndani ya blanketi.

Ulikuwa fundi hodari, kila mtu anasema. Hodari wa nini? Nyaya ulizijua, betri ulizijua, mvua hukuijua. Nakukasirikia mpaka kwenye maombi. Halafu nageuka kitandani, mkono wangu unatafuta mgongo wako, naanza upya.

Mercy amerudi kutoka shule ya Jumapili akisema Mungu alihitaji fundi mbinguni. Nimemwacha aseme, bado ni mdogo. Lakini nakuahidi, Baba Mercy: akifika umri wa kuelewa nitamketisha nimwambie kwamba Mungu hakukuita. Uliambiwa ungoje, ukakataa kungoja. Atanichukia kidogo, kisha atakuchukia wewe, na atakuwa mtu mzima aliye hai.

Lala basi. Nilikupenda, mjinga wewe.

Mama Mercy